Usiung'oe Waya wa Dishi, Bado Una Kazi

Msomaji mpenzi, Jumapili ya leo nakuomba uinuke kitini uchungulie nyuma ya runinga yako. Huenda ukaona waya mnene kama penseli, mweusi au mweupe, uliozama ukutani na kupanda hadi paani. Huo ni waya wa koaksia. Uliwekwa kwa ajili ya antena au dishi. Katika nyumba nyingi za hapa Kisumu sasa umelala tu. Mpangaji aliyekuwa na king'amuzi alihama, au watoto wameacha dishi na wanatazama filamu kwa intaneti.

Mama mmoja wa mtaa wa Migosi ameniletea swali ambalo jibu lake limo ndani ya waya huo. Intaneti yake huingilia upande wa mbele wa nyumba, na ruta imewekwa sebuleni. Binti yake, mwanafunzi wa chuo, analala chumba cha nyuma juu ghorofani. Kati yao kuna kuta mbili za mawe na sakafu ya zege yenye nondo, na waifai ikifika hapo huwa imekwisha nguvu. Basi usiku binti huketi ngazini, kipakatalishi mapajani, ili atume kazi ya mhadhiri kabla ya saa sita. Fundi alitaka kutoboa kuta apitishe waya mpya. Mwenye nyumba akakataa katakata. Lakini sebuleni kuna soketi ya zamani ya runinga, na chumbani kwa binti kuna nyingine.

Dawa ni adapta mbili ndogo za aina iitwayo MoCA. Jina hilo ni la muungano wa makampuni ulioanzishwa Marekani mwaka 2004 ili waya wa runinga upate kubeba mawasiliano ya tarakilishi. Adapta moja hukaa kando ya ruta. Huunganishwa na ruta kwa waya wa kawaida wa mtandao, na kwa soketi ya ukutani kwa waya wa koaksia. Ya pili hukaa chumbani. Kutoka hapo binti huchomeka kipakatalishi chake moja kwa moja, au kisanduku kidogo cha waifai. Toleo la 2.5, lililotolewa mwaka 2016, linaweza kupitisha hadi megabiti 2,500 kwa sekunde, zinazogawanywa na vifaa vyote vilivyo kwenye waya. Familia nyingi zimelipia kasi ndogo zaidi ya hiyo kwa mbali.

Usidhani huu ni uchawi mpya. Mtandao wa Ethernet wenyewe, uliobuniwa na Robert Metcalfe na wenzake huko Xerox mwaka 1973, ulianzia kwenye waya wa koaksia. Baadaye maofisi yalitumia ule mwembamba, kipande kimoja kisizidi mita 185. Ukikatika mahali pamoja, ofisi nzima inanyamaza! Ila ukiupata huo mwembamba wa ofisini, usiuchanganye na wa runinga. Ule ni wa omu 50, wa runinga ni wa omu 75, na adapta hizi zimeundwa kwa omu 75.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Maelezo mengi ya vifaa hivi yameandikwa kwa Wamarekani, ambao runinga yao mara nyingi huletwa kwa waya kutoka barabarani. Wao huambiwa runinga na mtandao vitumie waya mmoja. Kwetu runinga hutoka kwenye dishi. Dishi hushusha mawimbi yake kwa megahezi 950 hadi 2,150, nazo adapta za kawaida huzungumza kati ya megahezi 1,125 na 1,675. Ni kama wavuvi wawili kutupa nyavu mahali pamoja ziwani, zitanasana tu. Isitoshe, king'amuzi hupandisha umeme wa volti 13 au 18 kwenda kwenye dishi, na umeme huo waweza kuiharibu adapta. Kwa hiyo waya unaotumiwa na dishi uuache ufanye kazi yake. Tumia ule uliolala, na uufungue kabisa kutoka kwenye dishi.

Kuna sababu nyingine ya kuufungua, nayo ni radi. Wakazi wa kando ya ziwa hawahitaji kufundishwa jinsi mawingu yanavyojikusanya alasiri upande wa milima ya Nandi. Waya wa shaba unaotoka paani hadi mezani kwa mtoto ni njia ya radi kuingia ndani. Kipande cha kwenda paani kisiguse kile cha ndani. Na ngurumo zikianza, chomoa adapta mapema, zote mbili, waya wa koaksia na wa stima pia.

Unaoishi kwenye ploti ya ghorofa, kumbuka kwamba huenda waya wako unakutana na wa majirani kwenye dishi la pamoja. Hapo usiguse kitu bila idhini ya mwenye nyumba, na uweke neno la siri kwenye adapta kama zinaruhusu.

Kabla ya kununua, pima. Hakikisha waya umefunguliwa pande zote mbili. Upande mmoja gusanisha uzi wa katikati na wavu wa nje kwa kipande cha waya. Upande wa pili weka mita ya fundi, ipime omu. Ikisoma karibu na sufuri, na ukiondoa kile kipande isome wazi, umeupata waya wenyewe, na ni mzima. Kama njiani kuna kigawanyo cha zamani, angalia maandishi yake. Kikiandikwa mwisho megahezi 1,000, kibadilishe kwa kinachofika 1,675. Au kama unahitaji vyumba viwili tu, kiondoe uunganishe moja kwa moja. Adapta zenyewe huenda usizipate katika kila duka la Oginga Odinga Street, pengine utaagiza. Ndiyo maana nasisitiza upime kwanza.

Na wewe unayejenga Riat au Mamboleo, kuta zikiwa bado wazi, pitisha mabomba na waya wa mtandao kila chumba. Gharama yake leo ni ndogo kuliko kubomoa kesho.

Yule mama wa Migosi amekwisha kupima, na waya wake ni mzima. Binti sasa anangojea adapta ili aondoke ngazini.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.