Kisima ni Chetu, Kamba Je?



Wiki mbili zilizopita, hapa Muscat, tulikaa barazani baada ya sala ya Isha tukinywa kahawa kama ada yetu. Kulikuwa na mzee wetu mmoja aliyekuja kutoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaajiriwa kwenye mafuta mpaka akastaafu. Na kulikuwa na mtoto wa dada yangu, amekuja likizo kutoka London, kazi yake ni kutengeneza programu za kompyuta. Mazungumzo yalianza na bei ya petroli, yakaishia kwenye mabishano makali mpaka kahawa ikapoa.

Kijana alisema: "Babu, usinikasirikie, lakini mafuta yenu yameleta vita na mapinduzi dunia nzima. Sisi watu wa kompyuta tumempindua nani? Leo bibi yuko Pemba namwona uso wake kwenye simu bila kulipa hata senti."

Mzee akamtazama, akaweka kikombe chini. "Mjukuu wangu, sisi tulipokuwa tunaibiwa tulijua tunaibiwa, maana pipa linahesabika. Wewe unaweza kuniambia wanachukua nini kwangu kila nikiifungua hii simu?"

Kijana alicheka, lakini jawabu hakutoa. Na mimi tangu siku ile swali lile halijanitoka kichwani. Ndipo nikaona niandike, kwa sababu nadhani wengi wetu tumegawanyika vivyo hivyo: wazee wanayaona makampuni ya teknolojia kuwa ni wezi wapya, na vijana wanaona wizi ni wa mafuta tu, na umeshapita. Maoni yangu ni kwamba mchezo ni mmoja. Tofauti ni kuwa mchezo wa mafuta tunaujua mwisho wake, na huu wa teknolojia ndio kwanza tunatia sahihi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1901 Mwingereza mmoja, William Knox D'Arcy, alipewa na Shah wa Iran haki ya kutafuta mafuta karibu nchi nzima kwa muda wa miaka 60. Serikali ya Iran ilipewa pauni 20,000 taslimu, hisa za thamani kama hiyo, na ahadi ya asilimia 16 ya faida. D'Arcy mwenyewe hakuwahi hata kukanyaga Iran. Mafuta yalipatikana mwaka 1908 pale Masjed Soleyman, kampuni ikaundwa 1909, na 1914 serikali ya Uingereza ikanunua hisa nyingi ndani yake ili manowari zake zipate mafuta ya uhakika.

Sasa angalieni ile asilimia 16. Si kitu kidogo ukiisikia. Lakini ni asilimia 16 ya nini? Ya faida. Na faida nani anaipiga hesabu? Kampuni. Daftari liko wapi? London. Iran ililalamika miaka na miaka kwamba haioneshwi vitabu vya hesabu, na mwishoni mwa miaka ya 1940 hali ilifika pahala kuwa serikali ya Uingereza inapata kodi kubwa kutoka kampuni ile kuliko anachopata mwenye ardhi. Mossadegh alipotaifisha mafuta mwaka 1951, meli zikazuiwa kubeba mafuta ya Iran, na Agosti 1953 akapinduliwa kwa mkono wa Marekani na Uingereza. Mwaka uliofuata kampuni ile ile ikarudi na asilimia 40, na makampuni ya Marekani yakapata 40 nyingine.

Hata hapa nilipo hadithi ilianza hivyo hivyo. Mkataba wa mafuta wa Oman wa mwaka 1937 ulikuwa wa miaka 75. Mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1967, na mwaka 1974 serikali ikachukua asilimia 60 ya kampuni, nao ndio mgao uliopo mpaka leo. Mzee wetu aliyaona mabadiliko yale kwa macho yake. Husema kilichomfurahisha zaidi ya zile asilimia ni kuona Waomani wanaanza kukaa kwenye vyumba ambavyo hesabu hupigwa.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Waliobadilisha siasa ya mafuta duniani walikuwa watu waliosoma hesabu za mwenzao. Wengi wakisikia OPEC hufikiria majoho na vita vya 1973. Lakini OPEC iliasisiwa Baghdad Septemba 1960, na nyuma yake walikuwapo watu wawili. Mmoja ni Abdullah Tariki wa Saudi Arabia, aliyesomea Texas. Mwengine ni Juan Pablo Pérez Alfonzo wa Venezuela, ambaye baada ya mapinduzi ya nchini kwake ya 1948 aliishi uhamishoni Washington. Na huko uhamishoni alifanya nini? Aliisoma Tume ya Reli ya Texas, ambayo msiihukumu kwa jina lake, maana ndiyo iliyokuwa ikipanga kila kisima cha Texas kitoe mapipa mangapi ili bei isianguke. Akajiuliza: ikiwa Wamarekani wanafanya hivi kwao na ni halali, kwa nini sisi tusifanye? Wawili hawa wakakutana Cairo mwaka 1959. Makampuni yalipopunguza bei Agosti 1960 bila ya kuwauliza wenye mafuta, wazo lilikuwa limeshaiva.

Nasema haya kwetu sisi tuliotawanyika. Mkimbizi wa siasa alikaa ugenini akautumia muda wake kujifunza mwenyeji anavyolinda mali yake, kisha akaipeleka elimu ile nyumbani. Sisi tuna madaktari, wahasibu, mawakili na mainjinia kutoka Toronto mpaka Dubai. Tumepeleka nini nyumbani zaidi ya pesa za Eid na makontena ya mitumba?

Sasa tuje kwenye teknolojia, maana kijana wetu anasema huko hakuna D'Arcy. Julai 2023 mradi wa Worldcoin, ambao Sam Altman ni mmoja wa waasisi wake, ulizinduliwa rasmi. Nairobi watu walipanga foleni ndefu pale KICC wapigwe picha mboni za macho yao, na kwa malipo wakapewa sarafu za kidijitali ambazo siku zile zilikuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ilisimamisha shughuli ile mwanzoni mwa Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamuru data zile zifutwe. Mimi siwalaumu waliopanga foleni. Mtu ana njaa, shilingi 7,000 ni pesa. Shah naye alikuwa na shida ya pesa. Lakini D'Arcy alichukua mafuta, na mafuta mengine bado yako chini. Jicho Mungu kakupa moja la kulia na moja la kushoto, ukishalitoa nakala huna la kubadilisha.

Tuje kwenye kazi. Januari 2023 gazeti la Time lilieleza kuwa vijana wa Kenya waliokuwa wakisoma na kuchuja maandishi machafu ili kuifundisha mashine ya OpenAI walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi ya kuondoa picha za kutisha kwenye Facebook, alishitaki. Kampuni mama ikajitetea kuwa mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Mahakama ikakataa hoja ile mwaka 2023, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Septemba 2024. Tazameni utetezi wenyewe ulivyo: kazi inafanyika Nairobi, anayeumia yuko Nairobi, lakini daftari liko kwengine. Si maneno yale yale ya mafuta?

Kijana wangu atasema, "Mjomba, na M-Pesa je?" Kweli, M-Pesa ya 2007 ni fahari yetu sote, na waliojifunza kuitumia mwanzo ni mama ntilie wetu na madereva wetu. Lakini wangapi wanajua kwamba mpaka mwaka 2020, Safaricom na Vodacom walipoinunua haki ya jina na mitambo, Vodafone ya Uingereza ndiyo iliyokuwa ikiimiliki na kulipwa ada? Kisima kilichimbwa kwa jasho la Wakenya, na kamba ikakodishwa.

Na msidhani wakubwa hawafanyiani hivyo wao kwa wao. Rockefeller alijenga Standard Oil kwa kupata punguzo la siri kwenye nauli za reli, ili mafuta ya wenzake yawe ghali kabla hayajafika sokoni. Mahakama Kuu ya Marekani iliivunja 1911 ikawa makampuni 34. Karne moja baadaye, Agosti 2024, jaji wa Marekani aliamua kwamba Google imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Katika kesi ile ilijulikana kuwa mwaka 2022 peke yake iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe ndiyo ya kwanza ukifungua simu kutafuta jambo. Reli na simu, njia ni ile ile: ikamate barabara, bidhaa ya mwenzako itachelewa yenyewe.

Wako watakaonipinga, na hoja zao nazijua. Wa kwanza watasema bila ya wageni mafuta yangebaki ardhini na simu tusingeziona. Sawa. Mimi sijasema wafukuzwe. D'Arcy aliweka pesa zake akakaribia kufilisika, na anayehatarisha mali yake ana haki ya faida. Ninachokataa ni mtu kuingia ubia na wewe kisha akakufungia daftari. Wa pili watasema tatizo ni viongozi wetu, na hao wana hoja nzito zaidi. Venezuela ya Pérez Alfonzo ilitaifisha mafuta 1976, na leo mamilioni ya watu wake wameihama nchi. Pérez Alfonzo mwenyewe uzeeni aliyaogopa mafuta na uchafu unaoletwa na pesa zake. Kwa hivyo kuinyang'anya kamba mikono ya mgeni ukamkabidhi mwizi wa nyumbani si ushindi. Lakini dawa ya wezi wote wawili ni moja, nayo ni daftari kuwa wazi.

Na mifano ya kutia moyo ipo. Mwaka 2010 kampuni ya Heritage iliuza hisa zake za mafuta ya Uganda kwa kiasi cha dola bilioni 1.5, na Uganda ikadai kodi ya zaidi ya dola milioni 400. Heritage ikakataa, kesi ikapelekwa London, na Uganda ikashinda. Ilishinda kwa sababu walikuwapo watu walioisoma sheria na mkataba neno kwa neno. Kongo nayo, inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, ile inayotiwa kwenye betri za simu na magari, Februari 2025 ilisimamisha kuiuza nje kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka, na kuanzia Oktoba 2025 ikaweka mgao wa kila kampuni. Hiyo ni Tume ya Texas, imefika Kolwezi. Kama faida itamfikia mchimbaji au itaishia Kinshasa, hilo ni jambo la kulifuatilia kwa macho mawili.

Zanzibar tulipigania miaka mingi mafuta yatoke kwenye mambo ya Muungano. Tukapata sheria yetu 2016, na 2018 ukatiwa sahihi mkataba na RAK Gas ya Ras al Khaimah. Kelele zote zile zilikuwa juu ya nani mwenye kisima. Je, nani miongoni mwetu amedai kuuona mkataba? Tanzania ina sheria ya 2015 ya uwazi katika uziduaji, inayotaka mikataba iwekwe hadharani. Ina sheria ya 2022 ya kulinda taarifa binafsi. Sheria ni kama jembe, likining'inia ukutani halilimi.

Nilimrudia yule mzee Ijumaa iliyopita nikamwambia nimeshindwa kulijibu swali lake. Akasema, "Basi mwambie huyo mjukuu wangu alijibu yeye, si ndiyo kazi yake?" Nikampigia kijana simu. Safari hii hakucheka. Ameniahidi kukaa na wenzake wawili, mmoja wakili, mmoja mhasibu, waisome mikataba na masharti yanayowahusu watu wa nyumbani, na waeleze kwa Kiswahili ambacho bibi yake wa Pemba atakifahamu. Nimemwambia aanze na kurasa za nyuma, kule kwenye maandishi madogo.

Ndugu zangu, wako wenye ujuzi huo miongoni mwenu. Jitokezeni. Naomba kuwasilisha.