Rasta Husukwa, Wivingi Hushonewa

Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2019/20, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alipendekeza ushuru wa asilimia 10 kwa nywele bandia zinazotengenezwa nchini na asilimia 25 kwa zile zinazotoka nje. Watu walijadili pesa, na walikuwa na haki. Lakini "nywele bandia" ni jina ambalo ukilitamka saluni ya Tandika au Mwananyamala, msusi atakuuliza: zipi? Rasta husukwa pamoja na nywele za mwenyewe. Wivingi hushonewa juu ya misuko iliyolazwa kichwani. Wigi huvaliwa, na usiku huvuliwa likatundikwa. Vitenzi ni vitatu kwa sababu kazi ni tatu, na bei na muda wa kukaa kitini vinatofautiana. Mtoza ushuru anahitaji neno pana, kama wavu unaonasa kila samaki, na hatumlaumu. Tunaowalaumu ni sisi wenyewe, watu wa kamusi na majarida, ambao tumeyaona maneno ya saluni kama porojo za mtaani wakati ni istilahi za fani, zenye haki ya kuandikwa kwa uangalifu uleule tunaoutumia kwa maneno ya useremala au ya ubaharia.

Chukua "twende kilioni". Ni njia chache zilizolazwa kurudi nyuma, bila rasta na bila madoido, msuko wa kumalizwa haraka ili mtu ajifunge kanga awahi msibani. Jina halielezi umbo hata kidogo. Linaeleza haraka, gharama ndogo, na kwamba kichwa hicho kitafunikwa. Mteja akilitaja, msusi ameshajua asichukue muda gani na asitarajie malipo ya namna gani. Yaani makubaliano yamekwisha kabla kitana hakijagusa nywele. Linganisha na Kenya, ambako misuko minene iliyolala huitwa matuta, kama ya viazi shambani: hapo jina limefuata umbo. Kiswahili kinazo njia zote mbili za kuunda jina, na ni saluni zilizotuonyesha hivyo, si kamati. Hata sarufi ina jambo la kujifunza humo. Mwanamke husema "nimesuka" ingawa mikono iliyosuka si yake, na hakuna anayemwelewa vibaya. Msusi naye hana jinsia katika lugha, wala mjini hana, maana vijana wa Kimaasai wanaosuka rasta Dar es Salaam wanaitwa wasusi bila neno hilo kuongezwa chochote.

Pingamizi la kwanza ni kwamba majina haya hayadumu. Leo yapo, mwakani hayapo, na kamusi si gazeti. Kwa sehemu ni kweli. Ila tazama upande wa vinyozi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, inalo "denge", mkato wa kuacha nywele nyingi utosini na kupunguza pembeni. Baadaye ikaja panki, kisha kiduku, ambacho pia ni jina la mchezo wa kucheza ngoma uliovuma mitaani. Wembe umepita karibu palepale mara zote tatu. Kilichobadilika ni hukumu: denge ni la babu kwenye picha ya ukutani, panki ni la kijana aliyetaka kuonekana wa mbele, na kiduku ndicho kinachomfanya mzazi aulize mwanawe anafuatana na nani. Asiyeandika panki na kiduku kwa kuwa ni vya kupita atabaki na denge peke yake, na mtafiti wa kesho hatajua kuwa vizazi vitatu viligombana juu ya kichwa kimoja. Tena kupita kwenyewe hakutabiriki. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga marufuku wigi, sketi fupi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, na Operesheni Vijana ikaanza kazi Januari 1969. Wigi limebaki, kitu na neno.

Wengine wanasema picha zimemaliza kazi ya maneno. Vinyozi walikuwa na mabango ya vichwa vyenye namba muda mrefu kabla ya simu, na sasa mteja wa Mbagala huonyesha kioo cha simu tu. Hili ni pingamizi zito zaidi. Hata hivyo picha huonyesha mwisho wa kazi, haionyeshi kazi. Haisemi kama msuko ni wa uzi au wa rasta, umeanzwa kwa mkono mtupu au umeunganishwa, utafumuliwa kwa saa ngapi. Hayo yote hujadiliwa kwa maneno mbele ya picha hiyohiyo, na ndipo bei hupatikana.

Kuhusu ukopaji hatuna haja ya kukaa sana. Ndiyo, kalikiti na wivingi vimetoka Kiingereza. Lakini rasta ya Dar es Salaam imeachana kabisa na asili yake: ni nyuzi zinazouzwa kwa pakiti na msuko unaotokana nazo, na anayezisuka hajamfuata Haile Selassie popote. Nywele za mwenye imani ya Kirasta, au za anayeiga mwonekano wake, zina neno lao, dredi. Mahali penye neno moja la kigeni, saluni zimepata maneno mawili yasiyoingiliana. Tunaonya tu dhidi ya werevu wa kupita kiasi. Wapo wanaosema kwamba kuita kemikali ya kulainisha nywele "dawa" ni kukiri kuwa nywele za kipilipili ni ugonjwa. Dharau kwa kipilipili ipo, na kusifia singa kupo, lakini ushahidi wake usitafutwe hapo. Tuna dawa ya viatu, na viatu haviumwi.

Orodha iliyomo katika toleo hili imepangwa kwa vitenzi: kinachosukwa, kinachoshonewa, kinachonyolewa, kinachovaliwa. Tumesita mahali pamoja. "Twende kilioni" ni sentensi kamili yenye kiima na kitenzi, na mhariri mmoja alitaka iwekwe pamoja na misemo. Tumeiweka kati ya nomino, ngeli ya I-/ZI-, kwa sababu mtu akisema "twende kilioni yangu imefumuka", hamwaliki mtu msibani.