Fimbo Yenye Mabawa



Tumeulizwa na wazazi zaidi ya mmoja iwapo inafaa kumwachia mtoto ashinde Jumamosi nzima akikata sponji na kuchovya brashi, ili mwisho wa yote abebe upanga wa katuni kwenye kongamano la mashabiki huko Nairobi. Swali hili hatuwezi kulijibu kama makadhi. Lilitufika sisi wenyewe mlangoni mwetu, na mara ya kwanza tulilijibu vibaya.

Kijana wetu ana miaka 14. Usiku mmoja baada ya Isha alitujia na ombi la kutengeneza fimbo ya Aang, yule mtoto wa katuni ya Kimarekani iitwayo Avatar: The Last Airbender, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2005 na ambayo watoto wa leo huitazama kana kwamba imetoka jana. Aang ni wa mwisho katika kaumu yake. Wenziwe wote waliangamizwa vitani. Hutembea na fimbo ndefu ambayo, akitaka, hufunguka mabawa ya kitambaa naye akapaa nayo angani. Tulimkatalia kwa mkupuo mmoja: kwamba ni upuuzi, kwamba mitihani iko karibu, kwamba mambo hayo ni ya watu wengine na dini zao. Aliinamisha kichwa, akasema sawa, nasi tukalala tukiamini kwamba neno letu limesikika.

Shule zilipofungwa, alasiri moja tulisikia kishindo katika stoo ya nyuma. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alipoufungua alikuwa amepauka, macho mekundu, na kabla hajasema lolote akatapika kizingitini. Nyuma yake palikuwa na mkebe wa gundi ya washona viatu, kifuniko wazi, na vipande vya mkeka wa sponji vimetandazwa chini ya taa ya simu. Wasomaji wanaijua gundi hiyo. Ndiyo ile ile inayowapoteza watoto wa mitaani wanaoivuta kwenye chupa. Mvuke wake huingia kichwani na kulevya, na chumba kisicho na dirisha huugeuza kuwa sumu. Tulimtoa uani, akapata hewa, akanywa maji, na kufikia Magharibi alikuwa mzima, Alhamdulillah. Lakini usiku ule hatukupata usingizi. Katazo letu lilikuwa limeihamisha kazi kutoka uani penye upepo hadi stoo isiyo na tundu la hewa, basi.

Kesho yake alikuja Babu yake, ambaye alikula chumvi nyingi katika useremala kabla magoti hayajamkataza. Tulitaraji amkemee mjukuu wake. Badala yake aliomba aletewe hiyo fimbo, akaigeuza geuza mkononi, akapitisha kidole kwenye maungio.

"Hapa umekata nani?"

"Mimi, Babu."

"Mkono wako si mbaya. Gundi ndiyo hukuingojea."

Akamweleza, na sisi tukasikiliza, maana hatukujua. Gundi ya viatu haibandikwi ikiwa mbichi. Hupakwa pande zote mbili kwa wembamba, kisha huachwa mpaka ukiigusa isishike kidoleni, dakika kumi hivi au zaidi siku za unyevu. Ndipo pande mbili hukutanishwa, na zikikutana hazirudi nyuma, kwa hivyo jicho lipime kabla ya mkono. Kijana alikuwa akibandika papo hapo, vipande vikiteleza, naye akiongeza gundi juu ya gundi. Lau angengoja, angetumia robo ya mkebe, na huo mvuke usingemzidi.

Tangu siku hiyo kazi ilihamia uani, chini ya mwarobaini, na sheria ikawa moja tu: gundi haifunguliwi ila mtu mzima yupo na upepo unavuma.

Wazazi wengi hudhani mambo haya yalizaliwa juzi pamoja na simu. Mwaka 1939, mjini New York, wapenzi wa hadithi za kisayansi walifanya kongamano lao la kwanza la dunia, na wawili kati yao, Myrtle Douglas na Forrest Ackerman, wakaingia ukumbini wamevaa mavazi ya zama zijazo. Aliyeyashona ni Myrtle, kwa mikono yake. Wajapani walianzisha soko lao la vibonzo vya mashabiki, Comiket, jijini Tokyo mwaka 1975. Na ni katika miaka ya 1980 ambapo Nobuyuki Takahashi aliunganisha maneno mawili ya Kiingereza, la vazi na la mchezo, likapatikana jina ambalo vijana wetu hulitamka kosplei. Nairobi nayo ina makongamano yake, mojawapo likiwa NAICCON. Huko Malaysia na Indonesia mabinti wa Kiislamu huhudhuria na hijabu zao, wakiukunja mtandio wa buluu au wa waridi ufanane na nywele za mhusika wampendaye. Tulipoziona picha hizo tulikaa kimya kidogo, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kumwambia binti yetu mdogo kwamba jambo hili halina nafasi yake kamwe.

Tuje kwenye vifaa, maana hapa ndipo tulipofunguka macho. Mafundi wa kosplei duniani kote hupenda plastiki laini iitwayo EVA, kwa sababu ni nyepesi, hukatika kwa wembe, na ikipashwa moto hukunjika na kubaki ilivyokunjwa. Huuzwa ghali kwa jina hilo. Lakini ndiyo iliyotengenezewa ile mikeka ya rangi ya kuunganisha ambayo watoto wachanga hutambaa juu yake, na ndiyo iliyomo katika kandambili nyingi tunazovaa kwenda msalani. Pwani yetu inaijua plastiki hii kuliko tunavyodhani. Jahazi la Flipflopi, lililozinduliwa Lamu mwaka 2018, lilijengwa kwa plastiki iliyookotwa na mafundi chini ya Ali Skanda, kisha likavikwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Babu aliposikia habari ya chombo cha plastiki alicheka kwa dharau. Tukamwonyesha picha. Akaitazama sana, akauliza mataruma yake yalifungwaje.

Ukataji wenyewe huanza na karatasi. Kiolezo huchorwa, hukatwa, hujaribiwa mwilini, ndipo huwekwa juu ya sponji. Wembe uwe mpya kila mara, kwani wembe butu hurarua badala ya kukata, na mkono unaolazimisha ndio unaojikata. Vipande viwili vikitakiwa kukutana pembeni, kingo zake hukatwa mshazari, kila mmoja nyuzi 45, sawasawa na pembe za fremu ya mlango. Babu hakuhitaji kufundishwa hilo. Sponji hunywa rangi kama mchanga unavyokunywa maji, kwa hiyo kwanza huzibwa vinyweleo. Wenye uwezo huipitishia hewa moto ya mashine ya kukaushia rangi. Sisi tulipaka gundi nyeupe ya shuleni iliyozimuliwa kwa maji, mara tatu, kila tabaka likikauka kabla ya jingine, na kwa kuwa ilikuwa masika, tabaka moja lilitaka siku nzima. Na atakayepiga msasa afunge pua na mdomo, kwani vumbi lake ni laini mno.

Fimbo yenyewe ni paipu ya plastiki ya mafundi wa maji, yenye urefu wa kufika bega la kijana, na ndani yake umetiwa ufito ili isipinde. Shida ilikuwa mabawa. Kijana alitaka yafunguke kweli. Siku mbili alihangaika na kamba na misumari, kila akiivuta upande mmoja unakwama. Siku ya tatu mvua ilinyesha, Babu akaingia uani na mwavuli, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena, akamtazama mjukuu wake bila kusema kitu. Kijana akauchukua mwavuli kutoka mkononi mwake kwa pupa iliyotutia haya. Mwavuli una kipete kinachoteleza juu ya mti wake. Ukikisukuma, kinazisukuma mbavu zote kwa pamoja. Wakatafuta mwavuli mkuukuu, wakauvunja, wakazifunga mbavu nne kila upande wa paipu, na kipete kimoja kikazitawala zote. Hadi leo bawa la kushoto huchelewa kidogo kufunguka. Babu asema aliyeifunga mbavu ya tatu alikuwa na njaa.

Kitambaa alikitoa bibi yake: leso yake ya zamani ya rangi ya chungwa. Tulipotaka kukata lile jina la leso ili kubaki mji peke yake, alikataa katakata. Atakayeichukua leso yake aichukue na maneno yake. Basi maneno yakabaki, yakipita katikati ya bawa la kulia.

Gharama yote, pamoja na gundi iliyomwagika stooni, haikufika shilingi 1,500.

Kuhusu dini, tusijifanye tunayajua yote. Yako maswali mawili na hayafanani. La kwanza ni la vitu vya kuchezea vyenye sura na maumbo ya ajabu. Katika Sunan Abu Dawud imepokewa hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Allah zimfikie, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alirejea kutoka vitani, upepo ukainua pazia na kufichua wanasesere wake, na miongoni mwao farasi wa vitambaa mwenye mabawa mawili. Alipoulizwa kuhusu farasi mwenye mabawa, Bibi Aisha alijibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Wanazuoni wengi wameitegemea hadithi hii katika kuruhusu vitu vya kuchezea watoto, ingawa wapo wanaoyabana zaidi masharti yake, na kila nyumba ina sheikh wake wa kumuuliza.

La pili ni zito zaidi nalo linahusu kile kinachoigizwa. Vazi la Aang linafuata vazi la watawa wa Asia, na hadithi yake imejengwa juu ya roho kurudi duniani katika mwili mwingine. Tulimketisha kijana tukamweleza kwamba hilo si katika itikadi yetu. Akajibu, kwa adabu, kwamba hilo alilijua tangu madrasa akiwa mdogo. Alichokipenda ni kwamba mtoto yule, baada ya kuuliwa watu wake wote, alikataa kumuua adui yake mkuu hata alipoambiwa na kila mtu kwamba hakuna njia nyingine. Tulitazamana. Mwezi mzima tulikuwa tumeihukumu katuni ambayo hatukuitazama hata dakika moja.

Tukakubaliana abebe fimbo lakini asivae joho la utawa wala asijichore ule mshale wa kichwani. Alivaa shati la njano na suruali yake ya kawaida. Kwa hakika alinung'unika kidogo kwamba hakuna atakayemtambua.

Jambo la silaha nalo lisipuuzwe. Makongamano haya aghalabu hukagua kila zana mlangoni, na chuma au makali hayapiti. Maoni yetu ni kwamba bunduki ya bandia isitengenezwe kabisa, hata ya sponji, hata ya rangi ya waridi, kwa kuwa kijana wetu wa Pwani atalazimika kupita nayo mbele ya askari wasiomjua. Fimbo tuliifanya iachane vipande vitatu. Pale stesheni ya Miritini iliwekwa kwenye mashine ya ukaguzi pamoja na mabegi. Askari akaomba iunganishwe, akakisukuma kipete mwenyewe, mabawa yakafunguka mbele ya foleni nzima, la kushoto likichelewa. Akairudisha akitabasamu.

Tulisafiri naye sote wawili. Tulifika mapema, tukauliza kwanza mahali pa kusali, tukazisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza. Ukumbi ulikuwa na makelele kuliko tulivyopenda, na yapo mavazi tuliyoyapita macho chini. Yapo pia mengine yaliyotusimamisha: deraya nzima iliyokatwa kwa makatoni, mizani ya joka iliyobandikwa moja moja, na mvulana aliyeketi sakafuni akitengeneza bawa la mwenziwe lililovunjika njiani. Kijana wetu alimkalia karibu, akamtolea gundi yake. Tulimwona akimwonyesha kwa kidole: ngoja kwanza, ngoja.

Na alitambuliwa. Kila alipokisukuma kipete watoto walilitaja jina la mhusika wake kwa sauti. Lakini msichana mmoja wa Nairobi aliyeshika kijitabu cha michoro hakuuliza habari ya Aang. Aliuliza yale maandishi kwenye bawa la kulia yana maana gani. Kijana aliyasoma, akaeleza nusu, na kwa nusu iliyobaki akatoa simu akampigia bibi yake.