Hiyo si Mbao ya Kupamba Keja

Wasee, leo niko na kesi ya kujibu, na nilijiletea mwenyewe.

Mnajua mimi ni mtu wa vitu vya kale. Nusu ya vitu vyangu vya nyumba vimetoka mitumba, nusu nyingine kwa watu waliokuwa wanahama. Kitambo kidogo niliweka video hapa nikizipa alama sanaa za kale za Kiafrika zilizo kwa nyumba za mamilionea wa Marekani. Ya mwisho ilikuwa ubao mrefu, mwembamba, kichwa cha mviringo, mwili wote umechongwa pembetatu ndogondogo. Umesimamishwa juu ya chuma, kando ya sofa nyeupe. Nikaupa kumi juu ya kumi. Nikasema, "Manze, hii kando ya TV yangu ingeweza."

Mathe akanipigia. Kwa kawaida yeye hutuma sauti tu WhatsApp, kwa hivyo nilijua kuna kitu.

"Ile ya mwisho umeijua?"

"Si ni sanaa, mum."

"Hiyo si mbao ya kupamba keja. Huyo ni mtu."

Mathe ni Mgiriama wa Kaloleni, ile ya Kilifi, si ya Jogoo Road. Mimi nimezaliwa Nairobi na Kigiriama changu kinaishia kwa salamu. Nilichoita sanaa ni kigango. Wagiriama na Wamijikenda wengine huwachongea vigango wazee waliokuwa kwa chama cha Gohu, watu wenye heshima na mali zao. Mzee akishafariki, anaweza kuja kwa ndoto ya mtu wa familia na kudai apewe mahali pa kukaa. Kinachongwa kwa mti mgumu, kinasimamishwa pale nyumbani, kinafungwa vitambaa, kinamwagiwa mnazi. Watu wanaongea naye. Na kikishasimama hakihamishwi. Familia ikihamia shamba lingine, kigango kinabaki palepale mpaka kiozee ardhini.

Hapo kwa kubaki ndipo biashara iliingilia. Kuna wauzaji waliojitetea kwamba walinunua vitu vilivyoachwa porini. Sasa niambie, kaburi la shosho wako ushago, unakaa nalo? Si umeliacha huko? Haimaanishi mtu aje alichimbue.

Kuna hii stori imenikalia kichwani. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja huko Kilifi akiwa amesimama na vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy yuko kwa mkutano wa wasomi Marekani, mwenzake Linda Giles anaonyesha picha za vigango vilivyo kwa makumbusho ya huko, na mmoja anamtazama. Ni yule yule wa 1985! Wa pili wakampata kwa chuo kikuu cha Hampton, Virginia. Wakaendelea kutafuta, wakahesabu zaidi ya 200 kwa makumbusho za Marekani. Ndugu wa Illinois alifika nyumbani 2007. Miaka 22, na mzee aliyepigwa picha hakuwa hai tena kumpokea.

Hao wawili walirudi kwao kwa sababu kulikuwa na picha. Makumbusho ya Denver yalirudisha vigango 30 mwaka 2019, Illinois State Museum ikarudisha 37 mwaka 2023. Hongera kwao. Lakini vingi havina picha wala jina la boma. Vinafika Nairobi na hakuna anayejua huyu ni babu wa nani. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko wizi wenyewe, kwa sababu hata mtu mwenye nia safi hawezi kuirekebisha.

Najua nitaambiwa kwa comments: "Si afadhali huko vinatunzwa, hapa vingeliwa na mchwa." Buda, kuliwa na mchwa ni sehemu ya mpango! Kigango kikioza mahali pake, kazi yake imeisha vizuri. Kile cha kando ya sofa hakitaoza na hakitaisha, kitasimama hapo na AC.

Na tusijifanye watakatifu. Mzungu hakuwa anatembea usiku Kaloleni akijua boma la nani liko wapi. Vijana wetu ndio waliving'oa, rika letu, wakauza kwa maduka ya curio kwa doh kidogo. Mathe anasema wengine walijulikana kijijini kwa majina. Njaa ni njaa, naelewa, lakini naelewa pia kwa nini wazee huko waliacha kuamini wajukuu wao.

Sijaacha kukusanya, msinielewe vibaya. Kuna vitu vilizaliwa viuzwe. Uchongaji wa Wakamba wa twiga na vifaru ulianzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa Wamakonde wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na leo Changamwe kuna chama cha ushirika cha wachongaji. Mawe ya Tabaka, Kisii, ni hivyo hivyo. Nunua, panga kwa shelf, mpe mchongaji hela yake bila kulia bei sana. Mimi kabla ya kutoa pesa nauliza tu kama aliyekichonga alitaka kiondoke. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, nimejibiwa.

Ile video sijaifuta. Nimeongeza maelezo juu yake, na ile kumi nimeitoa. Mathe ameona. Amesema Desemba tukienda Kaloleni atanipeleka kwa boma la zamani la watu wake, kuna mmoja bado amesimama, ameinama upande. Ila simu ikae mfukoni.