Chunusi si Uchafu, na Tindikali si Mchezo

Ukipita Mtaa wa Kongo pale Kariakoo siku ya Jumamosi, huku ukikwepa mikokoteni na wachuuzi wa viatu, hutakosa kukuta meza ya vipodozi. Zamani meza za namna hii ziliuza poda, wanja, mafuta ya nazi na sabuni. Siku hizi zimejaa chupa ndogo za sabuni ya maji ya kunawia uso, na muuzaji hunadi: “Hii ina asidi! Inakata chunusi, inang'oa madoa!” Vijana husimama, huzigeuza chupa mikononi, huulizana bei, kisha hununua. Wengi wao ni wanafunzi waliojinyima vitafunio wiki nzima.

Mmoja wao ni binti wa jirani yangu, yuko kidato cha tatu. Alikuwa akisoma somo katika Misa ya vijana, na sauti yake ilifika mpaka viti vya nyuma. Uso ulipojaa chunusi aliacha kusoma, akawa anakaa nyuma na kujifunika mtandio. Nyumbani kaka zake walimtania, na shangazi yake akamwambia kuwa hajui kunawa. Ndipo akaenda Kariakoo kimya kimya, akanunua chupa yake. Akanawa asubuhi, mchana na jioni, akisugua kwa dodoki ili “uchafu” utoke. Baada ya wiki mbili ngozi ilikuwa inabanduka na kuchonyota kila akitoka jasho, na palipokuwa na chunusi pakabaki madoa meusi. Rafiki yake akamwonea huruma, akampa krimu ya kuondoa madoa ndani ya kikopo kisicho na jina wala maelezo. Mama yake alikikuta chini ya godoro.

Mama huyo aliniletea chupa na kikopo, akauliza: “Kipi kati ya hivi ni sumu, nikitupe?” Nimelifikiria sana swali lake, na maoni yangu ni haya: chupa ile haikuwa sumu. Kikopo ndicho cha kuogopwa. Lakini kilichomfikisha binti kwenye kikopo ni chupa iliyotumiwa vibaya, na waliosababisha itumiwe vibaya ni sisi watu wazima, tuliomcheka badala ya kumwelekeza.

CHUNUSI ZINATOKA WAPI?

Chini ya ngozi kuna vitezi vinavyotoa mafuta. Mtoto anapobalehe, homoni huviamsha vitezi hivi, navyo hutoa mafuta mengi kuliko awali. Mafuta hayo yakichanganyika na chembe za ngozi iliyokufa huziba vitundu ambamo vinyweleo huota. Hapo vijidudu hustawi, ngozi huvimba, na pengine usaha hutunga. Haya yote hutokea ndani ya ngozi, wala si juu yake. Ndiyo maana mtoto msafi kabisa huweza kujaa chunusi, na mwenzake asiyependa maji akawa na uso laini. Joto la Dar es Salaam na jasho huongeza adha. Aidha, mafuta mazito ya mgando yanayopakwa usoni, au ya nywele yanayoteremka hadi kwenye paji la uso, huziba vitundu hivyo zaidi.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo moja la ziada. Kila ngozi yetu inapovimba au kuumia, huacha doa jeusi ambalo huweza kukaa miezi mingi. Doa hilo si uchafu wala si ugonjwa mpya. Kwa kawaida hufifia lenyewe polepole, mradi lisichokozwe. Basi mzazi aelewe kuwa kusugua, kukamua na kuchoma uso ni kuyapanda madoa yale yale ambayo mtoto anayakimbia.

TINDIKALI YA BETRI NA TINDIKALI YA USO

Wazazi wengi wakisikia neno tindikali hushtuka, na wana haki. Tunaijua tindikali ya betri inayotoboa nguo. Hatujasahau mwaka 2013 kule Zanzibar, ambako mwezi wa Agosti wasichana wawili kutoka Uingereza walimwagiwa tindikali, na mwezi uliofuata padre naye akamwagiwa. Lakini tindikali ni ukoo mkubwa. Ukali wa ndimu, wa ukwaju na wa maziwa ya mgando ni tindikali pia. Kinachotofautisha ni aina yake, nguvu yake na muda inaokaa juu ya ngozi.

Katika sabuni za uso tindikali mbili ndizo hupatikana zaidi. Ya kwanza ni ya salisiliki, ambayo kwenye chupa huandikwa Salicylic Acid. Asili yake ni dawa ya kale iliyotokana na magome ya mti, na ni ndugu wa aspirini. Sifa yake ni kwamba huyeyuka katika mafuta, hivyo huweza kuingia ndani ya kitundu kilichoziba na kulegeza uchafu wa mafuta uliomo. Kwa chunusi, nguvu inayofaa nyumbani ni kati ya asilimia 0.5 na 2. Tindikali hii si ngeni kwetu. Marhamu ya Whitfield, ambayo zahanati zetu zimeigawa miaka mingi kwa magonjwa ya fangasi wa ngozi, ina asilimia 3 ya tindikali hiyo na asilimia 6 ya tindikali ya benzoiki. Hata hivyo, marhamu hiyo si dawa ya chunusi; isipakwe usoni kwa kazi hiyo.

Ya pili ni ya glikoliki, Glycolic Acid, ambayo hupatikana pia katika muwa. Hii hufanya kazi juu ya ngozi kwa kulegeza chembe zilizokufa zibanduke. Kwa matumizi ya nyumbani isizidi asilimia 10. Zile za asilimia 30, 50 au 70 ni kazi ya mtaalamu aliyefundishwa, ambaye huhesabu dakika akiwa na saa mkononi. Kumwachia mtoto chupa ya namna hiyo chumbani ni sawa na kumwachia wembe.

Wapo watakaosema: “Kama ndimu nayo ni tindikali, si bora tutumie ndimu ya sokoni?” Hapana. Ndimu haina kipimo, na maji yake yakikaa kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi huweza kuungua, kutoa malengelenge na kubaki na madoa meusi.

NAMNA YA KUTUMIA

Kwanza, jaribu kabla ya kupaka usoni. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, suuza, na usubiri siku moja au mbili. Ukiona vipele, uvimbe au muwasho mkali, usiitumie.

Pili, anza polepole. Wiki mbili za mwanzo nawa kwa sabuni hiyo jioni tu, mara tatu kwa wiki. Siku nyingine nawa kwa maji na sabuni laini. Ngozi ikivumilia, ongeza hadi mara moja kwa siku. Kunawa mara tatu kwa siku hakuharakishi uponaji. Hukausha ngozi na kuiumiza.

Tatu, tumia kiasi cha punje ya harage. Lowesha uso, sambaza kwa ncha za vidole kwa muda wa nusu dakika hadi dakika moja, ukikwepa macho, midomo na pembe za pua, kisha suuza vizuri. Usitumie dodoki, jiwe wala taulo gumu. Mitaa mingi ya Kariakoo na Ilala hutumia maji ya visima yenye chumvi, ambayo sabuni haitoi povu vizuri na hubaki usoni. Ikiwezekana, tenga kopo la maji yasiyo na chumvi kwa ajili ya kusuuzia. Futa kwa kugusagusa, usisugue.

Nne, paka mafuta mepesi ya maji baada ya kunawa. Mwenye chunusi huogopa mafuta yote, lakini ngozi iliyokauka huwasha na kupasuka. Cha kuepuka ni yale mazito ya mgando.

Tano, jikinge na jua. Ngozi iliyotumia tindikali, hasa ya glikoliki, huwa nyepesi kuunguzwa na jua, na jua la kwetu ni kali mwaka mzima. Mwenye uwezo apake krimu ya kukinga jua yenye namba 30 au zaidi. Asiye na uwezo, kofia pana, mwavuli na kivuli havihitaji fedha nyingi.

Sita, usichanganye. Sabuni yenye tindikali, krimu yenye tindikali na dawa nyingine ya chunusi kwa siku moja ni mzigo mkubwa kwa ngozi. Kijana wa kiume asiitumie siku anayonyoa ndevu, wala mtu yeyote asiitumie juu ya kidonda au ngozi iliyochubuka.

Saba, vumilia. Chunusi hazikuja kwa siku moja. Mpe mtoto wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema dawa imeshindwa. Kuchonyota kidogo mwanzoni, na kukauka kidogo, si ajabu. Lakini kuungua, kuvimba au kubanduka ni amri ya kuacha mara moja.

Mtu aliyewahi kudhurika na aspirini asitumie ya salisiliki bila kumwuliza daktari. Mama mjamzito aulize kwanza kliniki. Watoto wadogo wasipakwe.

HATARI YA KIKOPO

Sasa nirudi kwenye kikopo. Krimu zinazouzwa kwa kuchotwa, bila jina wala maelezo, mara nyingi ni mkorogo. Ndani yake huweza kuwamo hidrokinoni, zebaki, au dawa kali za jamii ya steroidi kama klobetasoli. Steroidi hulainisha uso kwa siku chache, mtu akafurahi. Kisha ngozi huwa nyembamba, na chunusi hurudi nyingi kuliko za mwanzo. Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo. Dunia ilikwisha kuonywa na maafa ya Minamata kule Japani, mji ambao jina lake lilipewa mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki mwaka 2013. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo, nao unagusa hata vipodozi.

Ndugu msomaji, tazama mnyororo ulivyo: chunusi, kejeli, tindikali bila maelekezo, madoa, mkorogo. Mnyororo huu hukatika kirahisi zaidi mwanzoni kuliko mwishoni.

Wapo wazazi wenye msimamo kwamba vitu hivi vyote vipigwe marufuku, maana maji na sabuni vilitutosha sisi. Ninawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Wengi wetu hatukutoshwa; tulibaki na makovu na kuyazoea. Tindikali yenye kipimo sahihi ni msaada wa kweli, na kumkataza mtoto bila maelezo ni kumrudisha mezani pale Mtaa wa Kongo akiwa peke yake. Wengine wanasema kazi ni ya serikali. Ni kweli serikali ina wajibu: tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, baada ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kuondolewa jukumu hilo. Lakini hakuna mkaguzi anayeweza kukaa chini ya kila godoro.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wazazi, acheni kuziita chunusi uchafu, na kwenda kununua sabuni ya uso iwe safari ya mzazi na mtoto. Nendeni kwenye duka la dawa, mkasome pamoja: jina la tindikali, asilimia yake, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Chupa isiyotaja asilimia, au iliyokaa juani kutwa, iacheni hapo hapo. Wauzaji, nanyi ni wazazi. Msimuuzie mtoto kitu ambacho hamwezi kumsomea maelezo yake. Na chunusi zikiwa kubwa, zenye maumivu, au zinazoacha mashimo, msihangaike na sabuni. Anzeni kituo cha afya au hospitali ya jirani, kama Mnazi Mmoja au Amana, na ikibidi mwombe rufaa ya kliniki ya ngozi Muhimbili. Wataalamu tunao, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu mwaka 1992. Ila vidonge vya isotretinoini visimezwe kamwe bila daktari, kwa kuwa humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni.

Binti wa jirani yangu aliacha vyote viwili kwa mwezi mzima, mpaka ngozi ikatulia. Sasa ananawa kwa sabuni ya salisiliki ya asilimia 2, jioni moja na kuruka nyingine, na mama yake ndiye anayemkumbusha mwavuli. Chunusi zimepungua, madoa bado yapo, yanafifia taratibu. Kaka zake wamekatazwa utani ule. Hajarudi kusoma somo, lakini Jumapili iliyopita nilimwona ameketi kiti cha tatu kutoka mbele, bila mtandio usoni.