Kalehe: kabla ya kujenga, tuulizie kiwanja

Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilijaza mito ya Kalehe. Maji, matope na mawe yakabomoa Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 wakafa. Wanafunzi wetu wanapotaka kwenda kujenga mahali kama pale, tuwabariki: mikono yao inahitajika. Lakini nyumba mpya kando ya mto uleule, chini ya mlima usio na miti, inangoja tu kubebwa tena. Na mjane akijengewa kwenye shamba la mwingine, kesho atafukuzwa. Nehemia alikagua kuta kwanza, ndipo akaita wajenzi. Basi kanisa liulize: kiwanja kiko wapi, na karatasi zina jina la nani? Jibu likipatikana, tutume vijana na mabati.