Mto Uliotupa Jina



Jumamosi moja, katika mafundisho, mtoto wa miaka kumi na mmoja alituuliza: «Mwalimu, mto Lubumbashi uko wapi?» Wenzake walicheka. Lakini tulipowauliza wao, wachache tu waliweza kunyoosha kidole upande ulio sahihi. Nasi tuliokuwa tukiwafundisha tuliona haya, kwa kuwa wengi wetu huuvuka mto huo kila juma tukiwa ndani ya basi, tukihesabu nauli, pasipo hata kugeuza shingo.

Miji mingi yenye sifa hutazamwa kutoka mtoni. Mgeni afikaye Paris hupanda mashua, akayaona majumba na makanisa yakimpita kandokando ya Seine. Mto wetu hauwezi kubeba mashua za wageni. Ni mdogo, na wakati wa kiangazi hupungua. Hata hivyo tunasadiki kwamba hakuna njia bora ya kuusoma mji huu kuliko kuufuata mto wake kwa miguu, na kwamba kutoutazama ni kosa lenye madhara.

Tuanze na jina. Mwaka 1910 Wabelgiji walipouanzisha mji, waliuita Elisabethville, kwa heshima ya malkia wao. Mwaka 1966 jina hilo liliondolewa, na mji ukaitwa kwa jina la mto. Maana yake ni kwamba kila tunapotaja mahali tunapoishi, tunautaja mto, ingawa fikira zetu ziko mbali nao.

Tukifika karibu na kiwanda cha zamani cha kuyeyushia shaba, mto unatueleza kwa nini mji ulijengwa hapa. Shaba ilichimbwa Étoile, mwendo wa kilomita kadhaa kutoka hapo; lakini kiwanda kilihitaji maji, basi kikawekwa kando ya mto. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa. Bomba refu la moshi na mlima mweusi wa masazo ya madini, ambavyo wachoraji wetu wamevichora mara nyingi, ni kumbukumbu ya kazi ya baba na babu zetu. Ni kumbukumbu ya machozi pia: mnamo Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara wa haki, na wengi wakauawa kwa risasi katika mji huu huu. Mtoto asiyeonyeshwa mahali hapo atayapataje mambo hayo? Mwenye macho haambiwi tazama, wasema wahenga. Lakini mtoto huelekezwa kwanza.

Wako watakaosema kwamba kutalii ni anasa ya wenye fedha, na kwamba mwenye njaa hana nafasi ya kutembea kando ya mto. Tunaiheshimu hoja hiyo, ila tunaona imegeuzwa kichwa chini. Wanaoujua mto vema ni maskini: mama wanaomwagilia lenga-lenga zao, wanaofua nguo, wanaofinyanga matofali. Wao wanauona kila siku. Tusiouona ni sisi tunaokaa mbali nao, na ndio sisi tunaotupa takataka katika mifereji inayoishia humo.

Mto usiotazamwa hauna mlinzi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kusini mwa Katanga wana kobalti nyingi mno mwilini. Mnamo Novemba 2025 maji machafu ya kampuni moja ya madini yalifurika katika mitaa ya komini ya Annexe, hata serikali ikaisimamisha kazi kampuni hiyo. Siku hizo kila mtu alizungumza habari za maji. Majuma machache baadaye tukanyamaza. Papa Fransisko, katika barua yake *Laudato Si'* ya mwaka 2015, aliyahesabu maji safi ya kunywa kuwa haki ya kila mtu. Haki hiyo haiwezi kutetewa na watu wasiojua maji yao yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

Tulimpeleka mtoto yule darajani, pamoja na wenzake. Alitazama chini kwa muda, kisha akauliza swali la pili: «Maji haya yanakwenda wapi?» Tukamwambia: yanaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, Luapula inaingia ziwa Mweru, kutoka huko yanashika njia ya Luvua hadi Lualaba, yaani mto Kongo, hata baharini. Akanyamaza. Chini yetu mfuko wa plastiki ulikuwa ukielea, nao ulikuwa umeianza safari hiyo hiyo.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo. Kila kundi la mafundisho, na kila darasa ambalo mwalimu wake ni mmoja wetu, liufuate mto mara moja kwa mwaka wakati wa kiangazi, watu wazima wakitangulia na pasipo mtoto kuingia majini. Watoto waelezwe historia ya kila mahali wanapopita. Waandike katika daftari kila mfereji na kila bomba linalomwaga uchafu, na mahali lilipo. Kisha sisi wakubwa tuipeleke orodha hiyo kwa mkuu wa komini, na mwaka unaofuata turudi na daftari lile lile tukaangalie kilichobadilika.